Kuwavusha mbega na kima barabarani: mwongozo kwa kikundi cha mtaa

Diani, kusini mwa Mombasa, barabara ya lami inakwenda sambamba na ufuo, na mabaki ya msitu wa pwani yamesalia pande zake zote mbili. Mbega analala upande mmoja na majani anayoyataka yako upande wa pili. Pale watu wamekuwa wakitundika madaraja ya nyaya juu ya barabara tangu miaka ya mwisho ya 1990. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, ndilo lililoyasimamia kwa muda mrefu. Mbega, kima na tumbili huyatumia. Nyani hawayajali, wao hushuka chini na kuvuka kwa miguu. Jozani, Unguja, dawa iliyotumika kwa kima punju (mbega mwekundu wa Zanzibar) ilikuwa matuta, na vifo vilipungua sana.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wakazi kumi au kumi na watano wenye barabara kama hiyo mtaani kwao. Kazi ya mikono ndani yake si ngumu. Kinachoshinda vikundi vingi ni kuchagua mahali: daraja zuri lililowekwa pasipo njia ya wanyama ni kamba ya kuanikia nguo tu. Kwa hiyo tunaanza mbali na spana.

Hesabuni kwanza, miezi mitatu

Gaweni barabara vipande vya mita 100 na mkipe kila kipande namba. Pakeni alama ya rangi kwenye ukingo, au tumieni malango na nguzo ambazo kila mtu anazijua. Kisha watu wawili, mmoja kila upande, watembee kwa miguu saa 12 asubuhi, angalau mara tatu kwa wiki. Msichelewe. Kunguru na mbwa huanza kazi kukipambazuka, na kufika saa 2 mzoga wa tumbili mchanga unaweza kuwa umekwisha, msiwe na cha kuandika. Kwa gari au pikipiki hamtaona nusu ya vilivyoko kwenye nyasi.

Kwa kila mnyama andikeni: tarehe na saa, namba ya kipande, aina, dume au jike, mkubwa au mtoto, je matawi yanakutana juu ya barabara pale, na kuna nini karibu (jaa la taka, mwembe wenye matunda, ukuta mpya, mti uliokatwa). Pigeni picha ya mnyama na picha nyingine ya barabara kuelekea pande zote mbili. Simu iwe imewashwa huduma ya mahali (GPS) ili picha ibebe alama ya eneo.

Kuhesabu waliokufa peke yake kutawapotosha, na hili hutokea mara nyingi. Mahali palipojaa magari mno, wanyama huacha kabisa kuvuka. Hapana vifo, lakini kundi limekatwa vipande viwili. Tena aliyegongwa huweza kujikokota mita thelathini au kuburutwa na gari, kwa hiyo palipo na mzoga sipo alipovukia. Ndiyo maana lazima kuhesabu walio hai pia: wawili wakae kivulini kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na tena saa 10 hadi saa 12 jioni, siku nane kwa mwezi. Waandike kila mnyama anayevuka, amepita chini au juu, ametoka mti gani na kuingia mti gani. Jina la mti ndilo mtakalolihitaji kuliko kitu kingine chochote.

Mwisho wa miezi mitatu, chukueni karatasi ndefu, choreni barabara, mweke nukta nyekundu kwa waliokufa na nyeusi kwa waliovuka. Mara nyingi nukta hurundikana vipande viwili vitatu. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Miezi hiyo ikiwezekana iguse mvua na ukavu pia, maana njia za kufuata matunda hubadilika.

Kwa nini wanakufa pale?

Jibu ndilo linalochagua dawa, kwa hiyo msiruke.

Ikiwa matawi yalikuwa yakikutana juu na yakakatwa, mbega atajaribu kuruka, akishindwa atashuka. Mbega hana kidole gumba. Mkono wake ni ndoano ya kushikia matawi, na chini kwenye lami si mwepesi. Hapa dawa ni daraja, na pamoja nalo mti. Pandeni mbambakofi au mkwaju pande zote mbili mwaka huohuo, mkijua kwamba itachukua miaka mingi matawi kukutana. Msipande mwarobaini kwa sababu tu unakua haraka: umeshavamia misitu ya pwani vya kutosha. Na kama matawi bado yanakutana, kazi yenu ni kuongea na wapogoaji wa njia ya umeme na ya barabara kabla hawajafika, muwaonyeshe tawi lipi ndilo njia. Tawi hai halihitaji kukaguliwa klipu za waya.

Ikiwa ni nyani, au ni wanyama wa chini kama paa na nungu, daraja halitawasaidia. Dawa ni mwendo wa magari na usafi wa ukingo. Tembo nao wana dawa yao ya ukubwa wao, kama ile njia ya chini ya barabara ya Nanyuki–Meru iliyofunguliwa mwaka 2011, lakini hiyo si kazi ya kikundi cha mtaa.

Ikiwa kuna chakula, ondoeni chakula. Maganda ya ndizi yanayotupwa kutoka kwenye matatu, watalii wanaolisha tumbili dirishani, mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye lori, jaa lisilo na mfuniko: vyote hivi vinawaita wanyama kwenye lami saa ambazo magari ni mengi. Pipa lenye mfuniko wa kufunga kwa komeo, likasogezwa mita 50 kutoka ukingoni, ni rahisi kuliko daraja na hufanya kazi siku ileile.

Vibali

Msitundike kitu juu ya barabara ya umma bila barua. Kenya, barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, za mijini KURA, za vijijini KeRRA, na nyingine ni za kaunti. Wanyama wako chini ya KWS, shirika la wanyamapori. Tanzania Bara ni TANROADS au TARURA kwa barabara. Mwenye barabara mpelekeeni ule mchoro wa nukta, picha, mchoro wa daraja wenye vipimo, na barua ya mwenye ardhi kila upande, kwa sababu miti ni yake. Mchoro wa nukta hufungua milango ambayo malalamiko hayafungui.

Shirika la umeme nalo lazima lije kuona mahali. Umeme unaua mbega kama magari yanavyoua, na daraja linalomfikisha mnyama karibu na waya mtupu ni mtego. Sisi hatukubali chini ya mita 5 kati ya daraja na waya wowote wa umeme, na tunapima hadi ncha ya tawi ambalo mnyama atarukia akitoka darajani.

Vifaa vya daraja moja

Hesabu hii ni ya miti miwili iliyoachana mita 14: lami mita 7, na mita tatu na nusu kila upande. Umbali wenu ukiwa mwingine, badilisheni kwa uwiano. Zaidi ya mita 25 muiteni fundi anayejua nyaya.

– Waya wa chuma wa kusokotwa, milimita 8, uliopakwa zinki: mita 42. Ni nyaya mbili za mita 20 (mita 14 za kuvuka, zilizobaki za kuzungushia shina), na akiba.
– Bomba la plastiki la maji la inchi 1, lenye ukuta mnene: mabomba 4 ya mita 6. Mtakata vipago (vidato vya ngazi) 56 vya sentimita 35, na kila bomba hutoa 17.
– Mpira wa maji mweusi unaopitisha waya ule bila kubana: mita 30.
– Klipu za waya za milimita 8: 14. Zinatumika 12, yaani 3 kwa kila ncha.
– Vyuma vya kukazia waya, vile vyenye skrubu pande mbili: 2.
– Vipande vya mbao ngumu vya sentimita 20: 16 hadi 20, na vipande vya tairi kuukuu.
– Kamba nene ya katani au ya nailoni, milimita 20 au zaidi: mita 20, ya mikia, yaani kamba za kutoka darajani hadi kwenye matawi.
– Grisi, spana, kekee yenye ncha ya milimita 10.

Waya usio na zinki msiuchukue hata ukipewa bure. Chumvi ya bahari huula ndani, katikati ya misokoto, ambako jicho halifiki.

Kuunga

Kateni vipago, mlainishe ncha kwa msasa. Toboeni kila kipago matundu mawili, sentimita 3 kutoka kila ncha. Kateni mpira vipande 114 vya sentimita 21 na nusu. Sasa pitisheni waya: kipande cha mpira, kipago, kipande cha mpira, kipago, hadi mwisho, nyaya zote mbili kwa pamoja. Mpira ndio unaoweka vipago umbali wa sentimita 25 na kuvizuia visiteleze. Pia unafunika chuma kisichome kiganja saa 8 mchana. Ukimaliza una ngazi iliyolala, upana wa sentimita 29 kati ya waya na waya, yenye uzito wa kilo 20 hivi.

Kwa nini ngazi na si kamba moja? Tumbili atapita kwenye kamba moja. Jike wa mbega mwenye mtoto aliyemshika tumboni anataka njia ya kutembea, na ngazi isiyopinduka inampa.

Klipu zina upande. Kila klipu ina mguu wa umbo la U na tandiko. Tandiko likae juu ya waya mrefu unaobeba mzigo. U ibane ule mkia mfupi uliorudi. Zikigeuzwa, U huponda waya unaobeba na kuudhoofisha. Acheni sentimita 5 kati ya klipu na klipu. Kazeni, kisha mkaze tena baada ya daraja kubeba uzito wake siku moja, kwa maana waya ukivutika hupungua unene na nati hulegea.

Kutundika

Shina liwe hai, nene (sentimita 30 au zaidi pale mnapofunga), bila mchwa wala ufa. Pigeni kwa kitako cha nyundo msikilize. Likilia tupu, tafuteni mti mwingine. Msipigilie msumari. Zungusheni vipande vya mbao vilivyosimama wima kuzunguka shina, tairi juu yake, kisha waya juu ya tairi. Waya ukigusa gome moja kwa moja, mti hunenepa na kuumeza, na baada ya miaka michache mti wenyewe hukauka kuanzia hapo.

Urefu: kontena refu lina mita 2.9, na likiwa juu ya trela hupita mita 4.3. Sehemu ya chini kabisa ya daraja isiwe chini ya mita 6 kutoka kwenye lami. Daraja likiwa limelegea sentimita 60 katikati, fungeni mita 7 juu ili kubaki na nafasi ya waya kuvutika na miti kuyumba. Miti ikiruhusu mita 9 au 10, ni bora zaidi. Mbega hupenda juu.

Hapa ndipo mafundi hodari hukosea: wanataka daraja lililonyooka kama rula. Acheni lilegee. Mbega wakubwa watano katikati ni kama kilo 50. Kwa mlegeo wa sentimita 60, pamoja na uzito wa daraja lenyewe, miti inavutwa kwa kilo 350 hivi. Kaza mpaka mlegeo ubaki sentimita 15, na mvuto unafika kilo 1,400, mzigo uleule, mti uleule. Waya utahimili, klipu zitateleza au mti utainama.

Siku ya kutundika iwe Jumapili saa 1 asubuhi, polisi wa barabarani wakiwa na taarifa. Watu wawili wenye bendera nyekundu na fulana za kung'aa wasimame mita 100 kila upande. Mpandaji awe na mkanda wa usalama na kofia ngumu, na asipande peke yake bila mtu wa chini. Fungeni ncha moja kwanza. Kisha simamisheni magari, vusheni kamba nyembamba, mvute daraja juu na kulifunga kwa muda, mruhusu magari. Dakika tano zinatosha mkiwa mmejipanga. Gari lisipite kamwe wakati daraja liko katikati ya kupanda.

Baada ya hapo wekeni mikia, kazi ambayo vikundi vingi huisahau kwa kuwa wamechoka. Daraja linaloishia kwenye shina tupu halina mlango. Kutoka kila ncha vusheni kamba mbili tatu hadi kwenye matawi yale yale mliyoyaandika katika hesabu, matawi ambayo kundi hufikia likija kuvuka.

Halafu subirini. Tumbili anaweza kupita siku hiyohiyo. Kundi la mbega huweza kulitazama kwa wiki kadhaa kabla mmoja hajathubutu. Msiweke ndizi darajani kuwavuta. Mbega ni mla majani, ndizi zitamleta nyani, na nyani atakuja kwa chini.

Matuta na madereva

Kwenye lami kavu, dereva aliye macho huhitaji mita 35 hivi kusimama akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. Kwenye 80 ni karibu mita 70, kwenye 100 karibu mita 100. Taa za chini humwonyesha mita 40 hadi 60. Maana yake usiku, kwenye 80, mnyama anayeonekana ameshagongwa, hata dereva awe mwema kiasi gani. Ndiyo sababu kwenye barabara inayokatiza Hifadhi ya Mikumi mwendo wa juu ni kilomita 70 mchana na 50 usiku.

Msijenge tuta wenyewe kwa udongo na mawe usiku. Ni kosa kisheria, na tuta lisilo na alama humuua mwendesha boda boda. Ombeni lile lenye mgongo wa mviringo, upana wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10, lenye rangi na kibao kabla yake, na muombe mawili, moja kila mwisho wa kipande chenu chenye nukta nyekundu. Tuta moja katikati humfanya dereva aongeze gesi akishalivuka, palepale wanyama wanapopita.

Vibao huzoeleka. Kibao cha kudumu dereva wa kila siku hukiacha kukiona baada ya miezi michache, kwa hiyo tumieni vya kuhamishika, mvitoe msimu wa matunda na kuvirudisha stoo. Kinachodumu ni mazungumzo stejini: nendeni kwa chama cha matatu na wa boda boda na mchoro wenu, muwaonyeshe mita 200 zipi. Dereva akiombwa apunguze mwendo mita 200 anazozijua, hukubali kwa urahisi kuliko akiombwa awe mwangalifu njia nzima.

Kutunza

Kila miezi mitatu, darubini: vipago vilivyopasuka, mpira uliochanika, kutu inayotiririka. Kila miezi sita, pandeni mlegeze waya shinani kadiri mti ulivyonenepa na mpake klipu grisi. Baada ya upepo mkali wa kusi, na kila mara tawi kubwa linapoanguka karibu, pandeni hata kama zamu bado. Plastiki huchakaa kwa jua. Kipago kinachovunjika kwa mkono kibadilishwe na majirani zake wote. Endeleeni kuhesabu wanaovuka juu na chini, mwaka mzima. Kama baada ya mwaka wengi bado wanapita chini mita 20 pembeni ya daraja, lihamisheni.

Mnyama akigongwa

Egesheni salama, taa za dharura ziwake. Aliye hai msimkamate kwa mikono mitupu; mtupieni taulo au blanketi zito, mfunikeni kichwa na macho, mweke kwenye sanduku la karatasi lenye matundu, gizani, bila maji wala chakula mdomoni, na mwite KWS au mganga wa wanyama. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Nyama isichukuliwe na mtu yeyote; kukutwa nayo ni kosa, Kenya na Tanzania pia.

Aliyekufa mwondoeni kwenye lami, mita 20 ndani ya vichaka. Wenzake hurudi kumtazama, wakashuka na kumgusa, na gari linalofuata huua wa pili palepale.

Akiwa jike, mgeuzeni kabla hamjamburuta. Mtoto mchanga wa mbega ni mweupe mwili mzima, na akiogopa hujibana kwenye manyoya ya tumbo bila kutoa sauti. Msimng'oe kwa nguvu. Fungueni kidole kimoja kimoja kuanzia miguuni, mzungushieni kitambaa cha joto mara moja apate kingine cha kushika, na mumweke kifuani mwa mtu mmoja tu, aliyetulia, mpaka watu wa wanyama wafike.